Alitumwa Pwani

Nilikuwa karani wa vifurushi katika stesheni ya Tabora, na nilikuwa na ugonjwa mmoja: nilitaka kuona jina langu limechapwa gazetini. Wenzangu walitamani baiskeli, wengine walitamani kuhamishiwa Dar es Salaam. Mimi nilitaka jina. Kila mwezi gari moshi lilileta gazeti moja dogo la Kiswahili, na kwa kuwa vifurushi vyote vilipita mikononi mwangu, nilikuwa mtu wa kwanza mjini kulifungua. Nilisoma majina ya walioandika kabla ya kusoma walichoandika. Mwalimu fulani wa Dodoma, karani mwenzangu wa Kigoma. Nilikuwa nawaonea wivu watu ambao sikuwahi kukutana nao.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya pili, na nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Alizaliwa vijijini upande wa Ulyankulu, Mnyamwezi mtupu, akaolewa mjini na fundi seremala, akasilimu, akazeekea hapo. Hakuwa bibi yangu wa damu. Lakini nilimwita Bibi, naye kwa utani wa bibi na mjukuu akaniita mume wangu. Asubuhi nikimwambia shikamoo, aliitikia marahaba kisha akauliza mbele ya majirani kwa nini mume wake anaondoka nyumbani bila kumwachia kuni. Nami sikuwa na haya, nilimjibu kwamba mke mvivu hukatiwa kuni na jirani. Tuliishi hivyo miaka mitatu, na sijacheka hivyo tena katika nyumba nyingine yoyote.

Kazi ya Bibi ilikuwa kufunda wari. Alikuwa somo. Msichana wa mtaani kwetu akikaribia kuolewa, wazazi wake walikuja kwa Bibi wakakaa mkekani, wakaomba, na Bibi akiridhika alimchukua msichana kama mwanawe. Aliyofundishwa mle ndani hatukuyajua sisi wanaume, na aliyethubutu kuuliza aliambiwa akaulize kwa mama yake. Lakini tulijua kwamba somo hachaguliwi ovyo. Lazima awe na adabu, awe ameishi na mume vizuri, na zaidi ya yote awe mtu mwenye kwao, anayejulikana baba yake ni nani.

Hilo la mwisho lilikuwa zito. Utumwa ulikuwa umekwishapigwa marufuku, lakini midomoni mwa watu wa Tabora haukuwa umekwisha. Wawili wakigombana sokoni, walianza kutukanana matendo, wakaja sura, na aliyeshindwa kabisa ndiye aliyesema, wewe mjukuu wa mtumwa. Baada ya hapo ilikuwa ngumi. Nilikulia katika maneno hayo, nilijua uzito wake kama ninavyojua uzito wa debe la asali. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Sasa, Bibi alikuwa na safari yake. Alipokuwa msichana, kabla ya reli, alikwenda Bagamoyo kwa miguu akarudi. Kwa Wanyamwezi wa zamani kwenda pwani lilikuwa jambo la fahari, na mwanamume ambaye hajafika pwani alihesabiwa kama mtoto, hata akiwa na mvi. Kwa mwanamke ilikuwa fahari mara mbili. Bibi aliisimulia safari hiyo kila alipopata mgeni, na nilipoisikia mara ya nne au ya tano nikaona kwamba makala yangu ilikuwa imekaa mbele yangu inachambua karanga.

Nikamwomba ruhusa. Akasema niandike, ila kwa sharti moja: yeye hajui kusoma, kwa hiyo kila nitakachoandika nimsomee kwanza. Nikakubali. Lilikuwa sharti dogo.

Karatasi nilizipata kazini, hati za mizigo zilizoharibika, ambazo mgongo wake ulikuwa mweupe. Nakala ya kwanza ilijaza migongo kumi na moja. Ilianza na reli, ikasifu injini, ikasifu stesheni na saa yake, ikapita kwa masultani, na Bibi mwenyewe alitokea kwenye karatasi ya saba. Nilimsomea Jumapili baada ya chakula cha mchana, nikiwa nimesimama kama mhubiri.

"Mume wangu," akanikatiza, "mimi niko wapi humo?"

"Unakuja, Bibi. Ngoja."

"Nimekwenda Bagamoyo nikarudi, na wewe bado unanifungisha viatu. Nami sikuwa na viatu."

Nikaichana. Nakala ya pili ilianza na yeye, lakini nikaona maisha yake matupu yamepwaya, nikayatia nakshi. Kaka yake aliyekuwa mpagazi nikamfanya kilangozi, yule kiongozi anayetangulia msafara kwa ngoma na manyoya kichwani. Nikaweka simba. Nikaweka na mto uliofurika, ingawa walisafiri wakati wa kiangazi.

Bibi alisikiliza, akatema ganda la karanga.

"Kaka yangu hakuwa kilangozi. Alikuwa mpagazi wa pembe, na bega lake lilikuwa na sugu kama kisigino. Simba sikumwona. Watu walipiga kelele simba, nikakimbia, na walionitangulia kukimbia nao hawakumwona. Usinipambe, mume wangu. Kuna wenzangu wa safari ile bado wako hai. Watasema bibi huyu kazeeka vibaya, kawa mwongo."

Nilikasirika kidogo. Nilidhani atafurahi. Lakini alinikalisha chini, akanisimulia upya tangu mwanzo, polepole, na aliponiona kalamu imebaki nyuma alinyamaza akaningoja.

Kaka yake alikuwa kijana hajaoa, na katika msafara kila kundi la wapagazi lilijipikia. Nani ampikie? Baba yao akasema, nenda wewe na kaka yako. Bibi alikuwa na dada wawili wakubwa kuliko yeye, lakini baba alimchagua yeye. Aliposimulia mahali hapo alijipiga kifuani kwa kiganja. "Nilitumwa," alisema. "Hatumwi mtu asiyeaminika. Baba alinituma, nikaenda." Alijitwika chungu, na ndani ya chungu mwiko na chumvi, na juu yake mkeka. Walipofika Tura walipumzika siku kadhaa wakitwanga nafaka, maana mbele yao kulikuwa Mgunda Mkali, pori lisilo na maji ya kuaminika, na anayeingia huko bila unga hatoki. Alitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ugogoni walisimamishwa kila mahali kudaiwa hongo ya kupita. Bagamoyo alionja maji ya bahari akayatema, akamwuliza kaka yake watu hawa wanapikia nini. Waliporudi kijijini wanawake walitoka kuwapokea kwa vigelegele, na baba yake akachukua chungu kile kile kichwani mwake kwa mikono yake mwenyewe, akakitua. Mwanamume kumtua binti yake mzigo! Bibi alikuwa akilia kila alipofika hapo, na hakuficha.

Nakala ya tatu niliiandika kwa wiki mbili. Nilifuta kila neno nililoliweka ili nionekane msomi. Nilipomsomea, alifumba macho, na nilipofika kwenye kutuliwa chungu aliinua kanga akajifuta. "Hiyo ndiyo," akasema. "Ipeleke." Mpaka leo naamini ilikuwa makala nzuri. Ni kitu pekee nilichoandika ambacho nakiamini, na sina hata karatasi yake moja.

Ilirudi baada ya mwezi. Mhariri aliandika kwa adabu kwamba habari ni nzuri ila ni ndefu, na habari za wapagazi anazo nyingi. Kama ninaweza kuipunguza ibaki robo, na kuonyesha wazi tofauti ya zamani na sasa, ataifikiria. Hakusema zaidi ya hayo. Huyo mtu nisimsingizie.

Nikaanza kukata. Wiki nzima nilikata. Nikaondoa karanga, nikaondoa simba asiyeonekana, nikaondoa maji ya bahari. Ilipofika sentensi ya kwanza ya safari, ilikuwa hivi: *alitumwa na baba yake kwenda pwani kumpikia kaka yake.* Nikaikata ikawa: *alitumwa na baba yake kwenda pwani.* Bado ndefu. Nikaikata ikawa: *alitumwa pwani.* Nikaitazama. Fupi, safi, lakini haionyeshi tofauti yoyote ya zamani na sasa. Ndipo mkono wangu ukaandika: *alikwenda pwani akiwa mtumwa.*

Nakumbuka nilikaa nikilitazama neno lile. Nikajiambia, mbona neno ni lile lile? Mtu aliyetumwa si mtumwa? Ni lugha tu. Nilijua ninajidanganya, kama mtoto anayefunga macho akidhani haonekani. Na likishakaa lile, mengine yalijipanga yenyewe: pori la Mgunda Mkali likawa la mateso, malengelenge ya kutwanga yakawa ya mateso, na mwisho nikaongeza kwamba leo, kwa neema ya Serikali, bibi huyu anatembea huru katika mitaa ya Tabora. Makala ikawa kali. Ilikuwa na mwanzo na mwisho. Nikaona hii watachapa.

Na jambo jingine nilikiri mwenyewe baadaye. Angekuwa bibi yangu wa damu, mkono usingeandika, maana ningekuwa ninajitukana mimi. Kwa kuwa alikuwa bibi wa kupanga, tusi lingeishia mlangoni kwake.

"Wanasemaje wenyewe?" Bibi aliniuliza Jumapili ile.

"Wameomba niipunguze kidogo."

"Nisomee."

Nikamsomea nakala ya tatu, nikiruka sentensi hapa na pale ili isikike imepunguzwa. Ile ya nne ilikuwa imekwisha kuondoka na gari moshi la Alhamisi.

Ikachapwa. Nilifungua furushi la magazeti, na jina langu lilikuwa pale, herufi zote, hata ile ya jina la baba yangu. Jina la Bibi nililiacha, nikaandika tu bibi mmoja mashuhuri wa mtaani kwetu, somo wa wari, aliyekwenda Bagamoyo. Tabora ni mji mdogo. Hata punda walijua ni nani.

Nilirudi nyumbani mchana nikiwa nimelikunja gazeti kwapani. Bibi alipiga kigelegele kabla sijavua kofia, akavuta kigoda. "Soma, mume wangu, soma!" Nikalifungua mbele ya uso wangu, nikamsomea kwa kichwa maneno ya nakala ya tatu. Sikukosea hata moja, nilikuwa nimeyashika yote. Nilipofika kwa baba kutua chungu alilia, na mimi nikiwa nyuma ya gazeti niliona neno lile limekaa katikati ya ukurasa linanitazama. Nikaendelea kusoma.

Ningeweza kulichoma siku ile. Ningesema limenyeshewa, limepotea. Badala yake aliponyoosha mkono nikampa. Alilikunja mara nne akalifungia kwenye pindo la kanga, akasema kesho anakwenda kwa mwari wake, binti wa mzee mmoja muuza asali na nta, na huko yuko shangazi aliyesoma misheni, atawasomea wanawake wote.

Nilisema, "Bibi, liache, nitakuletea jingine lisilokunjika." Alicheka. Aliniambia mume mwenye wivu huyo.

Yaliyotokea nilisimuliwa na mama jirani aliyekuwapo. Wanawake walikaa ua mzima. Bibi alilitoa gazeti kwenye pindo la kanga, akampa shangazi, akajiweka sawa kama mtu anayepigwa picha. Shangazi alisoma kwa sauti mstari wa kwanza na wa pili, akanyamaza. Bibi akamhimiza, soma mwanangu, usione haya. Akasoma. Neno likatoka. Bibi alisema hapana, umekosea, rudia. Akarudia. Bibi akasema basi karani amekosea, mimi nilitumwa na baba yangu. Mmoja wa wazee wa kike akasema kwa upole kabisa, "Dada, lakini imechapwa."

Siku mbili baadaye baba wa mwari alikuja dirishani kwangu stesheni na madebe yake ya asali. Nilimwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba. Alikuwa mtu mpole, mzungumzaji wa taratibu. Akaniuliza kama ni mimi niliyeandika habari za yule mama. Nikasema ni mimi.

"Ni kweli?" akauliza. "Nakuuliza kwa sababu nataka isiwe kweli."

Aliniwekea mlango wazi namna hiyo. Ningesema, mzee, nilikosea, basi. Lakini nyuma yake walisimama watu watatu wa foleni, na wawili walikuwa wamenipongeza asubuhi ile kwa makala. Na mfukoni nilikuwa na barua ya mhariri, inaniomba nyingine.

"Mzee," nikasema, "nimeandika kama alivyonieleza. Alisema alitumwa."

"Alitumwa, au alikuwa mtumwa?"

"Maneno hayo ni ndugu, mzee."

Alinitazama, akatikisa kichwa taratibu, akasaini hati yake ya mizigo. Jioni ile alipeleka ujumbe kwa Bibi kwamba asihangaike, amepatikana somo mwingine, jamaa ya bwana arusi. Mwezi uliofuata kulikuwa na wari wengine wawili mtaani. Hakuna aliyekuja kukaa kwenye mkeka wa Bibi. Hawakumtukana, hawakumkatia salamu. Waliacha tu kuja.

Nilipoingia nyumbani siku ya ujumbe ule, Bibi alikuwa amekaa uani na gazeti mapajani. Nikasema shikamoo, akaitikia. Kisha akasema:

"Karani, nisomee tena. Safari hii nisomee kilichomo."

Hakuwa amewahi kuniita karani. Nikasoma. Nilipofika kwenye neno aliinua mkono.

"Hilo ulilitoa wapi?"

"Kwako, Bibi. Ulisema ulitumwa."

"Nilitumwa na nani?"

"Na baba yako."

"Baba yangu yuko wapi humo?"

"Nilimtoa. Nafasi haikutosha."

Alilikunja gazeti, akalikunjua.

"Ulimtoa baba yangu," akasema, "ukaniacha njiani peke yangu. Msichana peke yake njiani, bila baba, bila kaka, unafikiri watu watamwitaje?"

Nililia mbele yake, na ninaona aibu kusema kwamba hata kilio kile kilikuwa na haraka ya kusamehewa. Hakunisamehe wala hakunifukuza. Nilibaki katika nyumba ile mwaka mmoja zaidi, akanipikia, akanifulia, akaniitikia salamu. Utani ulikwisha. Majirani walipomwuliza mume wako yuko wapi, alijibu kwamba yeye ni mjane.

Nikaandika masahihisho. Niliyaandika mara nyingi kuliko makala yenyewe, nikitafuta namna ya kusema kweli bila kujipaka tope sana. Mara niliandika kwamba ni kosa la uchapaji, nikaichana. Mara niliandika kwamba lugha ya kwetu ilinichanganya, nikaichana. Mwishowe nikaandika mistari mitano: kwamba bibi niliyemwandika hakuwa mtumwa kamwe, ni binti wa mtu, alitumwa na baba yake, na aliyesema uongo ni mimi. Nikaipeleka kwake kabla ya kuipeleka posta, maana angalau hilo nilikuwa nimejifunza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba karatasi. Aliishika juu chini, akaitazama.

"Wanaosoma gazeti hili wako wapi?"

"Kila mahali, Bibi. Mwanza, Kigoma, Dodoma mpaka pwani."

"Huko wananijua?"

"Hapana. Jina sikuliandika."

"Basi huko mimi si mtumwa. Ukiandika kwamba sikuwa mtumwa, watauliza ni nani huyo aliyedhaniwa mtumwa. Na hapa wanaonijua, hawataamini la pili, wataamini la kwanza." Akanirudishia. "Usiniandike tena, karani. Kwa baya wala kwa jema. Niahidi."

Nikamwahidi. Nilikwenda kwa yule mzee muuza asali nikamwambia kwa mdomo, nikiwa nimechelewa miezi miwili, na binti yake akiwa amekwisha olewa. Alinishukuru kwa kuja. Alisema ni vigumu sasa, maana neno likishatoka halirudi, na watu wangeuliza kwa nini amebadilika. Nikamshukuru na mimi.

Makala ya pili ambayo mhariri aliiomba sikuiandika. Nilihamishwa stesheni nyingine, na Bibi alifariki vita vikiwa havijaisha. Sikuwapo mazikoni. Walioniandikia barua walisema alizikwa vizuri, watu walikuwa wengi, na kwamba mmoja wa waombolezaji alisimama kumsifu jinsi alivyoanza maisha yake utumwani akamaliza kwa heshima. Alisema alilisoma mahali.

Nimekaa na ahadi yangu miaka yote hii. Nilijiambia sasa hakuna aliyebaki wa kuaibika, waliomjua wamekufa, na mtu mmoja lazima aseme baba yake alikuwa nani. Labda ni kweli. Labda pia ni mimi tu, mzee sasa, bado ninataka kitu changu kichapwe. Nimemwandika tena, na safari hii pia sikumsomea.